Mechi ya Upande wa Pili wa Ukuta

Siku hizi nasikia kampuni kubwa zinapelekana mahakamani kwa sababu ya haki ya kuonyesha mechi. Kwetu Mwanza, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango, jambo hilo halikuhitaji hakimu. Mwenye mechi alikuwa aliyeshika rimoti, na aliyeishika alikuwa bibi wa Kihindi, jirani yetu wa ukuta mmoja.

Wanawe walikuwa na duka la vitambaa mjini, wakafunga dishi kubwa juu ya paa. Baba akaomba waya, ukatobolewa ukuta, ukaingia kwenye televisheni yetu. Walichotazama kwao ndicho tulichotazama kwetu. Mama alishukuru kwa mchicha wa bustanini, maana wenzetu hawakula nyama wala samaki, hata sato wetu wa ziwani.

Basi bibi yule akaipenda besiboli. Kila Jumamosi jioni tuliwatazama wanaume wenye kofia wakitafuna na kutema mate, mmoja anarusha kampira, mwenzake anakakosa kwa rungu. Baba alisema hiyo ni rede ya wasichana, ila wachezaji wameota ndevu.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alipenda sifa. Shemeji zake wa Magu walimwona mtu wa maneno matupu tangu alipomposa dada yao, naye akaapa kuwanyamazisha. Akawaalika kutazama fainali ya soka. "Kwangu mtaona mpaka jasho la kipa," aliwaambia.

Wakaja wanne, na makoti yao. Soda zikafunguliwa. Mechi haijakolea, picha ikaruka: kofia, rungu, mate.

"Shemeji," mkubwa wao akauliza taratibu, "kipa yuko wapi?"

Baba akatoka mbio, mimi nikamfuata nisikose uhondo. Tulimkuta bibi peke yake sebuleni, kiti chake kimeegemea ukuta wetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, naomba uturudishie mpira. Nina wakwe pale, nitaumbuka."

"Ngoja kwanza. Sikiliza."

Ng'ambo ya ukuta wajomba zangu walikuwa wamepandwa na mashetani. "Kimbia, we mjinga! Kimbia!" Mwingine alicheka hadi akapaliwa na soda. Bibi naye akacheka, mkono mdomoni.

"Mpira wa miguu mnautazama kimya, mpaka goli," akasema. "Huu mnabishana mwanzo hadi mwisho. Mimi siujui, mwanangu. Nauweka niwasikie. Wanangu wako dukani kutwa, na nyumba hii haina mtu wa kusema naye."

Akamnyooshea baba rimoti. Niliona aibu kwa Jumamosi zote tulizomsengenya huku amekaa pale, sikio ukutani.

Rimoti baba hakuipokea. Alikibeba kile kiti, akamwambia bibi twende, akakiweka katikati ya shemeji zake. Wakasimama wote wakamwamkia. Fainali ikaendelea huko ilikokuwa, bila sisi.

Mjomba mkubwa akainama karibu na bibi, kwa adabu kabisa. "Mama, wewe ndiye mwenye mchezo huu. Hebu tueleze, yule anakimbilia wapi?"

"Sijui, mwanangu," bibi akasema. "We piga kelele tu."