Kuku Walipoacha Kivuli

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, niliamini kwamba kuku wanajua mambo ambayo watu hawayajui. Aliyenifundisha hivyo ni Dani, mama yake baba. Alizaliwa upande wa Muhuru, kando ya ziwa, akaolewa huku kwetu, mwendo mfupi kutoka soko la Rodi Kopany, na mambo ya kwao hakuyaacha huko. Kila asubuhi akitoka nje, aliangalia kuku kabla ya kuangalia mbingu.

Baba hakupenda mazungumzo hayo. Alikuwa seremala na Msabato wa kweli kweli, na kwake kuku ni kuku tu. Mwaka ule, uhuru ukiwa bado mpya, alikuwa ametujengea banda la kuku lenye paa na kuta za mabati. Wakati huo wengi kijijini hawakuwa na mabati hata kwenye nyumba za kulala watu, kwa hiyo majirani walikuja kulitazama, nasi watoto tukasimama kando yake kama wenye mali. Nguzo alizichimbia mwenyewe, ndani sana. Dani alilizunguka mara moja tu, akaliita sufuria, akaapa kwamba mguu wake hautaingia humo.

Kisha kiangazi kikatukuta. Jua liliwaka mpaka udongo wa uani ukapasuka, na mchana banda halikuguswa kwa mkono. Kuku walihema midomo wazi, mbawa wamezitenga na mwili. Siku jogoo wetu mkubwa alipoanguka mbele ya jiko akafa, Dani hakumlaumu mtu. Alichukua jembe akaanza kazi.

Chini ya ghala la mtama kulikuwa na kivuli siku nzima. Hapo alizika vigae vya chungu kilichovunjika, tukavijaza maji, nasi tukayabadilisha kila yalipopata moto. Tuliloanisha mchanga pia ili kuku waulalie. Chakula kiliwafikia alfajiri na jioni peke yake, maana kuku akila jua likiwa utosini, alisema Dani, ni kama amemeza kaa la moto. Basi mchana kuku wakawa wa Dani, chini ya ghala, na usiku wakawa wa baba, bandani. Hivyo ndivyo mama na mwanawe walivyogawana bila kukaa chini kupatana.

Sabato moja baba na mama walikwenda kanisani na mdogo wangu. Mimi nilibaki kwa sababu mguu wangu ulikuwa umevimba, nimechomwa na mwiba. Kabla ya kutoka, baba aliniambia, "Leo ni siku ya kupumzika. Usije ukaanza kukimbizana na kuku. Kazi za Dani mwachie Dani."

Nilikaa mlangoni pa nyumba ya Dani, yeye akichambua mboga kwenye ungo. Ilikuwa saa ya joto kabisa, saa ambayo hata mbwa haamki ukimpiga teke. Mara kuku wakaanza kutoka chini ya ghala. Waliacha mchanga wa baridi, wakaacha maji, wakaja kusimama katikati ya uwanja palepale juani, vichwa vyote vimeelekea upande wa ziwa. Hawakudonoa kitu. Hawakulia.

Dani aliweka ungo chini polepole. "Nyakwara," akaniambia, kwa maana ya mjukuu wangu, "inuka. Mvua ya mawe inakuja."

"Dani, hakuna wingu."

"Kwetu Muhuru, kuku akiacha kivuli adhuhuri, hatungoji wingu. Kamata kuku."

"Baba amesema leo hakuna kazi."

Alinitazama kama anayepima kitambaa. "Kulima ni kazi. Kuokoa kitu chenye pumzi si kazi. Muulize baba yako, limo katika kitabu chake."

Nilisahau mguu. Tulikimbizana na kuku uwanja mzima, mimi nikirukaruka kwa mguu mmoja, Dani ametandaza leso kama anayevua dagaa wa omena ziwani. Manyoya yaliruka. Nilianguka juu ya jike jeusi nikamkumbatia, naye akanipiga kwa mbawa usoni, na mimi nikicheka tu. Tulikuwa tukijaza tenga la mwisho upepo ulipofika. Nilipogeuka, wingu lilikuwa limesimama juu ya vilima vya upande wa ziwa, jeusi, chini yake rangi ya kijani kama maji ya bwawa.

Dani alichomeka jembe uwanjani, ulimi ukitazama juu, ili liyapasue mawe kabla hayajatufikia. Ndivyo watu wa kwao walivyofanya. Kisha tukaingia na kuku nyumbani mwake.

Mawe ya kwanza yalikuwa kama maharagwe. Yaliyofuata yalikuwa kama ndimu. Nyumba ya Dani ilikuwa ya nyasi, boriti zake zimeliwa na mchwa miaka mingi, na upepo uliposhika ukingo wa paa tuliona mwanga mahali ambapo hapakuwa na dirisha. Nguzo ya kati ikalia.

"Dani, twende bandani," nikasema.

Aliangalia nguzo, akaangalia nje. Nilijua kiapo chake, na sikuwahi kumwona akirudi nyuma kwa neno lolote.

"Kama ni sufuria," akasema, "basi tupikwe."

Alinifunika kichwa kwa karai, akabeba tenga moja kichwani na jingine mkononi, mimi nikakumbatia la tatu. Mawe yaligonga karai mpaka meno yangu yakatetemeka. Tulipofika bandani aliniingiza kwanza, akasukuma matenga, kisha akakumbuka jike lenye vifaranga lililokuwa bado chini ya ghala. Nilimshika nguo. Alininyang'anya karai akarudi. Niliangalia kupitia ufa wa mabati, nikamwona akitoka chini ya ghala ameinama, vifaranga ameviweka kifuani, jike kwapani, damu ikimtoka begani. Alikuwa katikati ya uwanja nyumba yake ilipolala chini yote, nyasi na udongo, pale tulipokuwa tumekaa.

Aliingia, akafunga mlango. Mabati juu yetu yalilia kama ngoma mia. Mimi niliimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zangu zote. Yeye aliwaita watu wa kwao waliokufa, mmoja mmoja kwa jina, akiwataka wayapitishe mawe mbali nasi. Tulisikiana kwa shida, na sikuwahi kujisikia salama kama hapo.

Mvua ilipopungua tulisikia mama akipiga yowe. Baba alikuwa amefika kwenye nyumba iliyoanguka, na nguo zake za kanisani amepiga magoti, anafukua nyasi kwa mikono. Akaita, "Mama. Mama."

Dani akagonga bati kwa ngumi. "Ee mwanangu, tuko huku sufuriani."

Baba aliketi palepale matopeni. Hakuuliza nani alifanya kazi siku ya Sabato.

Majirani walipoteza kuku wengi siku ile. Wetu walitoka wote wakijikung'uta. Wiki hiyohiyo Dani aliagiza nyasi zitandikwe juu ya mabati ya banda, na baba akazitandika bila ubishi, na kiangazi kilichofuata hatukuzika kuku tena.

Nami sasa ni mzee na nimefuga kuku miaka mingi. Mara kadhaa nimewaona wakiacha kivuli adhuhuri na kusimama juani, na mvua haikuja. Mara moja ilikuja. Sina la kuapia. Ila bado nikiwaona hivyo mimi huinuka, nikaanza kuwakusanya, na wajukuu hunicheka.

Lakini si kuku ninaowakumbuka zaidi. Namkumbuka baba, mtu wa maneno machache na sauti nzito, akifukua zile nyasi na kuita jina lile kama mtoto aliyepotea sokoni anavyomwita mama yake. Kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kufikiri kwamba baba naye ni mtoto wa mtu.