Ubao wa Masizi ya Betri

Baba alinitengenezea ubao mwaka niliomaliza kidato cha nne, na haikupita wiki mbili nikawa namchukia msichana wa jirani kwa sababu ya ubao huo huo. Nasema kumchukia kwa kuwa ndivyo nilivyohisi wakati ule. Kwamba ulikuwa wivu mtupu, hilo nilikuja kulikubali baadaye sana.

Tulikaa mtaa wa Mbotela, huku Eastlands, kwenye nyumba za kaunsili, mlango wetu ukitazamana na wao. Baba yangu alikuwa mchongaji, akichonga twiga na vifaru vya kuuziwa watalii. Baba yake alifanya kazi kiwandani. Mimi na yeye tulifanya mtihani mwaka mmoja, alama zetu zikatoshana, na sote wawili tukaitwa kwenye mahojiano ya chuo cha ualimu, kila mtu katika wilaya ya kwao: yeye huko magharibi, mimi Ukambani. Nafasi ziligawanywa kwa wilaya. Maana yake ni kwamba hata angewapendeza wahojaji namna gani, hangeweza kuninyang'anya kiti changu. Nililijua hilo vizuri, na halikunisaidia hata kidogo.

Mzee mmoja wa kanisa letu, mwalimu mstaafu, ndiye aliyetutia hofu. "Siku hizi wanakupatia chaki," alituambia baada ya ibada. "Wanasema, andika sentensi moja hapo tuone. Kama mwandiko ni mbaya, hata ujibu maswali vizuri aje, unarudi nyumbani."

Baba alisikia. Jumatatu yake alirudi kutoka kazini na vipande viwili vya mbao, akaviunga, akavipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu. Kisha akapasua betri kuukuu za redio, akasaga ule unga mweusi wa ndani, akauchanganya na uji mwepesi wa ngano na kuupaka ubao. Ulikaa siku mbili ukikauka. Kwa maisha yangu yote baba alikuwa amechonga vitu vya watu wengine, na hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichonitengenezea mimi.

Halafu akamwita msichana wa jirani. "Kuja pia wewe ufanye mazoezi," alimwambia. "Ubao ni mkubwa."

Aliuegemeza kwenye kigoda, nasi tukakaa kwenye vigoda vingine mbele yake, magoti yamekunjwa. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyofanya kazi, amekaa chini, gogo katikati ya miguu. Kwetu kazi ya mikono hufanywa ukiwa umekaa. Tulikuwa tumetazama walimu wakiandika kwa miaka kumi na miwili, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba walikuwa wamesimama.

Baba hakusoma sana, lakini jicho lake lilijua mstari. Alikuwa akija nyuma yetu na kikombe chake cha chai, anatazama sentensi yangu, anatazama ya mwenzangu, kisha anabaki kwenye ya mwenzangu. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Herufi zilisimama zimetoshana, na mikia ya g ilijikunja kidogo kwa madaha. "Huyu ni mwalimu tayari," baba alisema. Nami akaniambia, "Wewe utazoea."

Utazoea! Kwenye ubao wangu! Nilianza kuhesabu mara alizomsifu. Nikaanza kuona mambo ambayo sikuwa nikiyaona: kwamba baba alimmiminia chai kabla yangu, kwamba aliucheka utani wake, yeye ambaye nyumbani hacheki, kwamba msichana yule alimwita "Baba" kana kwamba hakuwa na wa kwake ng'ambo ya pili ya uchochoro. Usiku nililala nikimwombea awe na mkono unaotetemeka.

Wiki ya mwisho ilipofika, yeye alikuwa asafiri Jumamosi na mimi Jumapili. Jumatatu, baba akiwa kazini, nilitafuta betri, nikazipasua, nikaupaka ubao tena, rangi nzito, mara mbili. Haukuhitaji. Alipokuja na chaki yake alasiri nilimzuia mlangoni.

"Sasa?" alisema.

"Poa. Ubao umepakwa upya. Haushikwi mpaka Jumamosi."

Nilijua fika kwamba ungekauka Jumatano.

Alitazama ndani, akaona weusi ule unaong'aa. "Ah, si noma," alisema. "Asante kwa kuupaka. Nitaandika tu kwa ukuta ya bafu."

Jioni baba alinitazama kucha, zilizokuwa nyeusi. "Umeupaka?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa bado mzuri," alisema, akanawa mikono tukala.

Wiki nzima nilimwona kupitia dirishani, pale penye mabafu ya pamoja, akiandika kwenye simenti amesimama. Watoto wa ploti walikaa chini mbele yake wakijibu maswali kwa kelele. Akina mama waliokuja kuteka maji wakaanza kumwita mwalimu, kwanza kwa mzaha, halafu bila mzaha. Mimi nilikuwa ndani na ubao wangu mkavu peke yangu, na sikufurahi hata dakika moja.

Wahojaji wangu walikuwa watatu. Waliniuliza kwa nini nataka kufundisha, nikajibu vizuri. Wakaniuliza jina la chifu wetu, nikajibu. Kisha mama mmoja akaninyooshea chaki na kunionyesha ubao ulioning'inizwa ukutani, kuanzia juu ya kichwa changu hadi kiunoni. Nilisimama mbele ya ubao huo nikiwa sijui mkono niuweke wapi. Nikabaki mahali pamoja nikiuvuta mkono kwenda kulia, na sentensi yangu ikaanzia usawa wa macho ikateremka mpaka karibu na kiuno. Vumbi la chaki likaniingia kwenye mkono wa blauzi. Yule mama alilaza kichwa upande ili aisome. Akasema asante, ninaweza kwenda.

Mwenzangu alipata barua ya chuo. Mimi sikupata.

Alikuja kwetu na barua hiyo, akakaa kwenye kigoda kile kile. Aliniuliza kama niliambiwa niandike. Nilimweleza jinsi sentensi ilivyoteremka, kwa kuwa nilikuwa nimechoka hata kudanganya.

"Kumbe uliandika umezoea kukaa!" alisema, akaanza kucheka, akajizuia. "Hata mimi ningeenda hivyo, wallahi. Ni ile rangi yako iliniokoa."

Nilimkodolea macho nikitafuta kejeli. Haikuwepo. Ningeiona ningepata nafuu.

"Kuja," alisema, akanishika mkono.

Alinipeleka kwenye ukuta wa bafu, mchana kweupe, mbele ya wenye ndoo. "Usinyooshe mkono," aliniambia. "Tembea na sentensi. Ikienda, na wewe unaenda." Nilifanya kama alivyosema, huku roho ikiniuma, na nilifanya hivyo kila siku mpaka alipobeba sanduku lake la bati akaenda chuoni. Alinisahihisha herufi moja moja. Sikuwahi kumwonea mtu wivu kama nilivyomwonea siku zile, maana hata ufundishaji aliujua.

Mwaka uliofuata niliitwa tena, na nikapita. Baba aliupigilia ule ubao ukutani, juu, akaniambia niandike kitu. Niliandika jina la chuo changu, nikitembea nalo. Alisimama na kikombe chake akatazama kwa muda mrefu.

"Huu mwandiko naujua," alisema.

Nimefundisha tangu wakati ule, shule tatu, zote za huku Eastlands. Yeye naye anafundisha kwao, na tukikutana tunakumbatiana kama dada, naye hunikumbusha ile rangi na kunishukuru. Kila asubuhi naandika tarehe ubaoni kwa herufi zake, hata ule mkia wa g, watoto wanasema mwandiko wangu ni mzuri, nami sijamwambia hadi leo kwamba ubao ulikauka Jumatano.