Siku Niliyomwamkia Mtani Wetu Shikamoo

Siku niliyomwamkia Fundi Kibwana shikamoo naikumbuka vizuri kuliko siku niliyopata kipaimara, mwanangu, na askofu asinisikie. Utacheka kuitwa mwanangu na mtu ambaye bado anaamshwa kwa kengele ya bweni. Cheka tu. Wewe ni wa darasa la tano, mimi ni wa la nane, na katika shule hii aliyekutangulia kuchota maji ni mzee wako. Kaa nikwambie.

Kwetu ni mlimani juu ya Mkuyuni, mahali ambapo boga likikuponyoka unalifuata mpaka barabarani. Ukoo wa mama yangu una mashine ya kusaga. Si ya mtu mmoja. Watu waliuza kahawa misimu mingi, wakaweka pamoja, wakanunua, na Mjomba Mloka akawekwa kuiangalia, maana kwetu mali ya ukoo hushikwa na mjomba. Kabla ya hapo wanawake walitwanga. Bibi, mama yake Mjomba, ana viganja vigumu kama kwato, na alikuwa akisema mashine ile ndiyo mkwe pekee aliyewahi kumsaidia kazi.

Injini ikachoka. Ikawa inatoa moshi mwingi na kusaga kwa kujivuta. Wanaume wakaibeba kwa magogo mpaka barabarani, lori likaipeleka Morogoro mjini kwa Fundi Kibwana, mwenye kibanda karibu na stesheni ya treni. Huyu ni mtani wetu. Watu wa ukoo wake na wa kwetu wanatukanana tangu enzi za mababu. Akija kwetu haombi ruhusa ya kuingia jikoni, na sisi tukienda kwake tunamwita mla panya mbele ya mkewe. Hakuna anayekasirika. Atakayekasirika ndiye mwenye makosa.

Kibwana akaifumua injini yote ili aiunde upya. Kazi ikachukua muda. Kila Mjomba aliposhuka kuulizia, alimwita konokono, akamwambia kwao hata mimba hukaa miaka miwili. Mafundi wenzake walicheka mpaka spana zikawaanguka. Mwishowe akasema imekwisha. Tukaipandisha mlimani, ikawashwa, ikanguruma, tukala ugali laini.

Haikupita muda ikaanza kugonga. Ko, ko, ko, kama kuna mtu amefungiwa ndani. Mjomba akashuka mjini. Kibwana akamwambia injini hiyo inaomba kutoka kwa sababu imezichoka sura zenu. Mjomba akajibu jambo ambalo siwezi kulitamka kwenye bweni la misheni. Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mjomba akarudi na furaha yake, injini ikaendelea kugonga. Akashuka tena, ikawa vile vile.

Ilivunjika wakati wa likizo, siku ya soko, mimi ndiye niliyekuwa namimina mahindi. Ndani ya injini kuna mkono unaoisukuma pistoni, na mkono huo hushikwa kwa boliti. Boliti ilikatika. Mkono ukatoboa ubavu wa injini, na kipande cha chuma kikapita kwenye ukuta wa udongo, upande ambao wanawake hukaa wakingoja zamu. Mama mdogo Sesilia alikuwa ameegemea hapo hapo, mtoto mgongoni. Dakika ile ile tu alikuwa ameinama kukaza mbeleko. Kile chuma kilipita juu yao wote wawili. Vumbi liliposhuka tuliona tundu, na mwanga wa nje ukiingia. Hata mtoto hakulia.

Kesho yake vinu vilitolewa. Sauti ya kinu kimoja ni kama ngoma, mwanangu, lakini kijiji kizima kikitwanga tangu alfajiri utasikia uchovu wa kila mtu kwa jina lake. Wanaume wa ukoo wakakaa. Mmoja akataka Kibwana ashtakiwe barazani. Wengine walimtazama tu Mjomba, na macho yao yalikuwa yakiuliza mali ya watu imeishiaje mikononi mwake. Mjomba akasema atashuka akazungumze na fundi mara ya mwisho.

Bibi akauegemeza mchi ukutani.

"Hujapata kuzungumza naye," alisema. "Mlichekeana. Nyie mnacheka, sisi tunatwanga."

Akasema niende mimi. Katika ukoo mzima mimi ndiye mwenye mdomo mbaya kuliko wote, na Kibwana akiniona hujiandaa. Nimwamkie kama mtu anavyomwamkia mzee wa watu asiowajua, nimwambie Bibi anamwomba apande, basi. Nikiongeza neno, nitajibu kwake.

Nilimkuta kibandani, chali chini ya gari, miguu imetokeza. Akaitambua miguu yangu.

"Nani ameniletea harufu ya ngedere hapa?"

Mwanangu, majibu yalinijaa mdomoni, mengine mapya kabisa, sijawahi kuyatumia mpaka leo. Nikayameza.

"Shikamoo, mzee."

Spana ikanyamaza. Alijitoa chini ya gari taratibu, akakaa vumbini akinitazama.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Bibi anakuomba upande."

"Kwenu hata msibani natukanwa," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ni ile injini?"

Sikujibu, nilikuwa nimekatazwa. Akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akamwachia mwenzake gari la watu, tukaondoka. Njia nzima hakunitania, na mimi nilijiona kama nimebeba jeneza.

Alipofika alipewa kiti. Kiti, mwanangu, mtani. Mjomba alimpa mkono na kumkaribisha kwa jina lake na la baba yake. Maji yakaletwa kwa kikombe cha wageni. Hakuyagusa. Iko heshima inayochoma kuliko tusi lolote, nimeiona siku ile usoni mwa mtu mzima. Aliinuka mwenyewe akaenda kwenye mashine, akaingiza mkono kwenye ubavu uliotoboka, akatoa boliti iliyokatika. Akaenda ukutani, akalitazama tundu, akamtazama Mama mdogo na mtoto wake. Halafu akasema mbele ya wote:

"Hii ni boliti ya zamani. Meno yake yalikuwa yamelika, na niliona. Mpya zilikuwa za kungojea mpaka ziletwe kutoka Dar es Salaam. Nikaona haya kuitwa konokono tena."

Mjomba aliinamisha kichwa. "Na ilipoanza kugonga?"

"Nilijua. Lakini ulikuja unacheka, nikapata pa kujificha."

"Mimi nilicheka kwa kuogopa kukuuliza," Mjomba akasema.

Habari za baraza ziliishia hapo. Kibwana alikwenda kwenye shamba moja la mkonge ambako kulikuwa na injini kama yetu, imetupwa. Akawatengenezea mitambo yao kila Jumapili mpaka wakampa ganda lake zima lisilo na tundu. Boliti mpya zilipofika, alimpa Mjomba azishike kwanza, azipapase meno kwa kidole, ndipo akazifunga. Muda wote huo alipanda na kushuka kwa shikamoo na marahaba. Alikula kibarazani kama karani wa serikali. Kijiji kilikuwa kimya kiasi kwamba mimi nilikonda.

Siku ilipowashwa, wote tulisimama tukisikiliza. Ilinguruma sawasawa, haikugonga. Kibwana alikuwa mlangoni, kofia mkononi, kama mtu anayengoja kuambiwa aende. Bibi akachota unga wa kwanza, akaunusa, akamgeukia.

"Unga unanuka kwapa la fundi," alisema. "Mpeni ndoo akaoge kando ya mto, asije akatuulia na samaki."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kibwana aliangalia chini, mabega yakatikisika, na sikujua ni kicheko au kilio mpaka alipofuta machozi kwa kitambaa chake cha mafuta, uso wote ukawa mweusi. Ndipo tukacheka, na Mama mdogo Sesilia alicheka kuliko wote.

Sasa sikiliza, mwanangu. Mtu akikuharibia kitu, na hasa mtu unayempenda, mwambie kwa uso mkavu siku kinapoanza kugonga. Ukimfuata na mzaha atatoka na mzaha, na watakaoumia ni wale waliokaa ukutani. Na ikiwa fundi ni wewe, wa injini au wa hesabu za darasa la tano, na umeona boliti imelika, waambie wakungojee. Watakuita konokono. Jina halitoboi ukuta. Na aliyekosea akishatengeneza, usimwache na shikamoo yako mpaka kaburini. Mrudishie matusi yake, ni haki yake.

Mungu akukuze. Akupe watu wa kukutukana kwa mapenzi maisha yako yote, na siku utakapokosea kweli, akupelekee mmoja wa kukuamkia kwa heshima. Amina.