Boksi la Habu na Kiatu cha Kushoto

Mume wangu Kornelio ni mtu wa hasira, na mimi ni mtu wa hasira zaidi, kwa hiyo nyumbani kwetu hakuna anayeshtushwa na kelele. Nimechoka kuwasikia watu hapa Lushoto wakisema yale yaliyompata mdogo wangu Timotheo yalikuwa ajali ya barabara. Barabara gani! Barabara ya Mombo ilikosa nini?

Kornelio ni fundi wa magurudumu ya malori. Alijifunzia kazi kwenye gereji ya ushirika, enzi zile malori yote ya mboga yalikuwa ya aina moja, na ukutani maboksi yalipangwa kuanzia dogo hadi kubwa. Nikisema boksi sisemi la katoni. Ni spana nene mfano wa kikombe, unaivika nati, inazishika pembe zote sita kwa pamoja. Boksi la nati ya habu, ile nati inayolizuia gurudumu lisichomoke kwenye ekseli, linakaribia ukubwa wa bakuli la uji. Kornelio akishaitazama nati alikuwa ananyoosha mkono ukutani bila kugeuza shingo, na lile aliloshika ndilo lenyewe.

Mafundi wa pale walikuwa na desturi yao. Ukiazima boksi, unaacha kiatu chako cha kushoto. Si saa wala kitambulisho, kiatu. Mtu hawezi kufika kwake na kiatu kimoja akasahau alichoazima. Ungewakuta watu wazima na ndevu zao wanachechemea gereji nzima, wenzao wanawatania: "Vipi, leo umekunywa au umeazima?" Nami nilikuwa nacheka nikiwapelekea chai.

Halafu likaja soko huria. Ushirika ukafa, gereji ikafungwa, maboksi yakauzwa chuma chakavu. Kwa kupimwa kwenye mizani, jamani, kama viazi! Kornelio alisimama getini akiyatazama yanavyotupwa kwenye gari. Aliporudi nyumbani alivunja kiti, nami nikamwacha akivunje.

Wakati huohuo malori ya mitumba ya Kijapani yakaanza kupanda mlima, kila moja na nati yake. Boksi la zamani ukilijaribu, ama linacheza, ama haliingii. Vijana wa stendi wakajipatia dawa yao, tindo na nyundo. Unasimamisha tindo kwenye pembe ya nati, unagonga mpaka izunguke. Wenye malori wakafurahi, kazi inakwisha upesi.

"Nati ya habu haigongwi," Kornelio alikuwa akiwaambia. "Ukiilegeza, gurudumu linacheza. Ukiikaza mno, beringi inaungua. Lazima mkono usikie ilipofika, na kwenye nyundo mkono hausikii kitu." Walimwona mkorofi, wakamkimbia.

Basi Timotheo. Nimembeba mgongoni huyo. Alikuwa dereva wa Fanueli, tajiri mmoja aliyeinuka na biashara ya kabichi, mtu wa benchi la mbele kanisani. Siku moja lori likaanza kutikisika gurudumu la mbele kushoto, na Timotheo, kwa kuwa anamwamini shemeji yake, akalileta uwanjani kwetu.

Boksi la nati ile halikuwepo Lushoto. Ungeweza kuipeleka nati yenyewe dukani Tanga, lakini ili uitoe unahitaji boksi lilelile unalolitafuta. Na nati ya habu imejificha ndani, rula haikai vizuri. Kornelio alikuwa na njia yake. Alikata kipande cha mgomba mbichi, akakikandamiza kwenye nati mpaka pembe zote sita zikaacha alama. Dukani unaweka mdomo wa boksi juu ya alama, na boksi litakalolingana nayo ndilo.

Shida ni kwamba mgomba wa huku kwenye baridi ukishuka Mombo kwenye lile joto unanyauka, na alama inajikunja nao. Kwa hiyo Kornelio alikifunga kipande kwa gunia lililoloa maji, akataka aende mwenyewe. Fanueli hakukubali. Alisema mpwa wake Mika anakwenda Tanga kwa shughuli zake, atalinunua yeye.

"Mika," Kornelio akamwambia, "gunia hili usilifungue mpaka usimame kaunta. Likikauka, liloweshe tena. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, fundi. Mimi si mtoto."

Si mtoto kweli, mwanaume mzima na kaunda suti yake mpya ya kwenda nayo mjini! Kesho yake akarudi na boksi linang'aa. Kornelio akalisogeza kwenye nati. Likakaa juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba, ndani halikuingia.

"Gunia liliishia wapi?" Kornelio akauliza, na sauti ilikuwa ya chini, ile ninayoiogopa.

"Nililitupa Mombo," Mika akasema. "Lilikuwa linanilowesha suruali."

Suruali! Nikamtolea uvivu palepale, nikamwambia suruali yenyewe imemshinda kuvaa, imemning'inia. Akanuna. Laiti yangeishia kwenye kununa.

Fanueli akafika. Kabichi zilishapakiwa, na jua lilikuwa linaziwakia.

"Gonga," akamwambia Kornelio.

"Sigongi. Kesho alfajiri nakata mgomba mwingine, naenda mwenyewe. Jioni lori linashuka."

"Kesho kabichi zitakuwa zimeoza. Nyinyi watu wa ushirika mmezoea kulala. Siku hizi mtu anakimbia, fundi."

"Kimbia wewe. Lori lingoje."

Fanueli akamtuma Mika stendi, na muda si muda vijana wakaja na tindo zao. Wakagonga uwanjani kwangu, mbele ya macho ya Kornelio. Kila pigo alikuwa anafumba macho. Wakabadilisha beringi, wakairudisha nati kwa kugonga vilevile, wakapangusa mikono. Mmoja akasema imekaza sawasawa. Sawasawa na nini, ewe mshenzi? Uliisikia kwa kiungo gani?

Nikamvuta Timotheo pembeni. "Usiliendeshe hilo."

"Dada, nikikataa mimi, kesho kuna mwingine kwenye kile kiti. Na mtoto ana kipaimara Jumapili."

Alikuwa ameshanunua viatu vipya vya siku hiyo, vyeusi, akaviacha kwangu ili wanawe wasivichezee. "Nitunzie," akasema, akapanda.

Hakufika mbali. Chini ya Soni gurudumu lilianza kutoa moshi, halafu likakwama, halafu likatoka. Lori likalala ubavu wa kushoto, na yeye alikuwa anajaribu kuruka upande huohuo, maana mlango wake wa kulia ulielekea bondeni. Mguu ukabaki chini ya bodi. Hospitalini wakaukata juu ya goti. Kabichi zilitapakaa barabara nzima, watu wakazikusanya kwenye khanga. Hao siwalaumu.

Wa kumlaumu ninamjua. Jumapili ile ya kipaimara Fanueli alisimama kanisani akatoa shukrani kwamba Mungu amemnusuru dereva wake na ajali ya barabara. Watu wakaitikia amina. Mimi nilitoka nje, maana ningebaki ningemtupia kitabu cha nyimbo.

Kornelio siku zile alishuka Soni na kipande cha mgomba, akachukua alama kwenye gurudumu la kulia la lori lililolala. Tukauza mbuzi. Akaenda Tanga, gunia limelowa mapajani kwake njia nzima, akarudi na boksi. Lilivaa ile nati kama limezaliwa nayo. Akalitundika ukutani sebuleni, mkabala na mahali anapokaa Timotheo, kwa sababu Timotheo sasa anaishi kwetu.

Mwaka ukapita. Fanueli akanunua lori lingine, aina ileile. Na juzi nikamwona anapanda njia ya kwetu, peke yake, kofia mkononi.

Kwetu mtu mzima anaamkiwa hata kama mmegombana. Siku ile sikumwamkia. Alisubiri shikamoo pale mlangoni, haikuja.

"Mama Klara, habu ya mbele imeanza kucheza. Nimekuja kuazima boksi."

Na kabla sijafungua kinywa akainama, akavua kiatu cha kushoto, akakiweka kizingitini. Desturi anaijua!

"Vaa kiatu chako!" nikamfokea. "Unathubutuje? Kawaite vijana wako wa tindo! Kamwite Mika na suruali yake!"

Kornelio alikuwa nyuma yangu, mishipa ya shingo imemtoka, nikajua akimfikia atampiga. Ndipo Timotheo akaongea kutoka ndani.

"Dereva ni nani?"

Fanueli akajibu, "Kristian. Yule wa Bungu."

Tukasikia magongo ya Timotheo yanagonga sakafu, akalitungua boksi yeye mwenyewe, akaja akasimama mlangoni, akamkabidhi Kornelio.

"Nenda nalo, shemeji. Kafunge wewe, lisishikwe na mtu mwingine."

Kornelio akatoka bila kumtazama Fanueli. Fanueli akamfuata na soksi moja inaburuzika kwenye matope. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nikakiokota kile kiatu nikiwa nataka kukirusha shambani kwa jirani. Timotheo akanitazama tu, nikakiingiza ndani.

Jioni walirudi. Kornelio akatundika boksi mahali pake. Fanueli akabaki mlangoni, nikamwonyesha pembeni ya kabati nilikokiweka. Akainama achukue, akakuta viko viwili vya kushoto, chake na kingine cheusi, kipya, soli yake haijakanyaga chini.

"Hiki kingine cha nani?" akauliza.

"Cha Timotheo," nikamwambia. "Cha kulia anakivaa."