Bendera Nyeupe ya Malineo

Hapa kijijini Ha Sekhobe, milimani Lesotho, bendera nyeupe ikipanda uani kwa mtu, ujue pombe ya mtama imeiva. Kwa Malineo ilipanda mara nyingi kuliko kwa yeyote. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini huyu tulimsifu miaka na hakutia tone. Mumewe alikuwa amefariki, na pombe hiyo ndiyo iliyowasomesha wanawe.

Desturi yetu ni kwamba mpika pombe huonja kwanza mbele ya wanywaji, ndipo kata izunguke.

Siku moja Mphutlane, mdomo usio na komeo, alisimulia habari za mpika pombe wa kijiji cha pili. "Mnajua anameza vidonge vya virusi vya Ukimwi? Mimi kata yake siigusi tena." Wanaume wakacheka. Malineo naye alicheka. Dawa zake mwenyewe alikuwa akizimeza jioni, saa ambayo nyumba hujaa watu, akijificha nyuma ya zizi. Usiku huo, wageni walipoondoka, alizifukia zote kwenye jalala la majivu.

Nasema wazi, hasira bado ninayo. Hakuacha kwa ujinga, wala dawa hazikumshinda. Aliacha kwa sababu ya kicheko chetu.

Kufikia majira ya baridi alikuwa amekonda, anakohoa, na mti wa bendera umesimama mtupu. Mama mkwe wake ndiye aliyemkalisha chini.

"Unaogopa midomo ya walevi, mwanangu? Mlevi akikosa pombe hapa ataenda nyumba ya pili. Wanao wakikukosa wewe, waende wapi?"

Akarudi kliniki. Polepole mwili ukajaa, mikono ikapata nguvu ya kukoroga. Lakini alijua kwamba akijificha tena, ataacha tena.

Bendera ikapanda. Tukaja wote, tuna kiu ya msimu mzima. Jioni ilipoingia, Malineo alisimama katikati yetu, akaweka kidonge ulimini, akakishushia maji. Kisha akachota pombe, akaonja, akainyoosha kata.

"Hiyo ni dawa ya virusi," alisema. "Naimeza kila jioni. Anayetaka kunywa anywe, anayetaka kwenda njia anaijua."

Mzee Seabata, mkubwa wetu, akainuka na blanketi lake, akaipokea kata na kunywa hadi akaona chini.

"Mnatazama nini?" alituuliza. "Pombe iko vilevile, ila ninyi ndio mmechacha."

Nyumba ikaangua kicheko, na safari hii kilikuwa cha haki. Nilifurahi hadi machozi.

Kata ilipomfikia Mphutlane, hakuinywa. Alimsogelea Malineo, sauti chini.

"Malineo, mtu akiwa ameacha dawa tangu mavuno, kliniki watampokea?"

"Mtu gani?"

"Mimi."

Malineo akamnyang'anya kata, akampa kikombe cha maji.

"Kesho asubuhi nakupitia, twende pamoja," alisema. "Na bendera yangu haipandi mpaka turudi."