Siku Niliyovuta Kishikio Chekundu

Siku niliyovuta kishikio chekundu naikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu, mwanangu. Mke wangu akinisikia atanuna, lakini ndio ukweli. Wiki ijayo unaanza kurusha ndege yenye tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, kwa hiyo kaa chini unisikilize, na hiyo simu iweke mfukoni.

Nilikuwa kijana, miaka ile ya kambi za wakimbizi za Lukole, rubani wa ndege ndogo ya kubeba wagonjwa hapa Ngara. Kiburi kilikuwa kinanimwagika. Ndege yangu ya kwanza ilikuwa na injini ya kawaida. Huku kwetu milimani hewa ni nyepesi, hivyo kabla ya kuruka nilikuwa navuta kidogo kile kishikio chekundu cha mafuta, ili mafuta yapungue yalingane na hewa. Usipofanya hivyo, injini inalemewa na kukosa nguvu. Nilivuta na kuvuta mpaka mkono ukawa unakwenda wenyewe.

Kisha ikaletwa ndege mpya, yenye tabo. Fundi wetu alikuwa Mzee Leonidas, Mhangaza wa hapa hapa, asiyependa maneno mengi. Aliniita karakana, nikamwamkia.

"Marahaba," akasema. "Sikiliza. Tabo inaisukumia injini hewa nyingi, hata huku mlimani. Hii injini haijui kama iko Ngara. Ukiwa unapaa, kishikio chekundu kiache mbele kabisa. Yale mafuta unayoyaona ya ziada ndiyo yanayoipooza."

Nikasema ndiyo mzee, nimeelewa. Moyoni nikasema, huyu naye amewahi kurusha nini? Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini nani anakumbuka methali akiwa amevaa miwani ya jua?

Asubuhi moja akaletwa mama anaitwa Stefania, mkulima wa Kanazi. Uchungu siku ya pili, mtoto amekwama, na daktari wa upasuaji hayupo. Ilibidi afike Mwanza upesi. Nesi akapanda naye. Nikawasha injini kwa haraka, nikafika mwisho wa uwanja, na mkono ukaenda wenyewe. Nikavuta kishikio chekundu kama nilivyozoea, nikaruka.

Hazikupita dakika nyingi, geji ya joto la silinda ikavuka mstari mwekundu. Injini ikaanza kutetemeka. Na hapa ndipo ninapojichukia mpaka leo: nilijiambia geji ni mbovu. Ile ndege ya zamani ikitetemeka juu, dawa yake ilikuwa kupunguza mafuta zaidi. Nikavuta tena! Ikaanza kugonga kama mtu anayepiga debe kwa nyundo.

"Kaka, tunakufa?" nesi akapiga kelele.

Ndipo maneno ya mzee yakanirudia. Nikasukuma kishikio mbele, nikapunguza nguvu, nikainamisha pua ya ndege ili hewa ipite vizuri kwenye silinda. Joto likashuka, ila silinda moja ilikuwa imeshaharibika. Mwanza tusingefika. Nikatua Biharamulo, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anatutarajia. Tulisubiri gari pale uwanjani, jua linapanda, Stefania ameng'ang'ania mkono wa nesi. Alipofikishwa hospitali wakampasua. Yeye alipona. Mtoto wake wa kiume alikuwa ameshakufa.

Mzee Leonidas alifika kesho yake, akafungua injini, akatoa pistoni iliyoungua ukingo. Nikakiri yote. Nilitegemea matusi, hata kofi. Yeye aliniwekea ile pistoni mkononi, akauliza, "Na yule mama, umemwambia?"

Nikajitetea: mzee, daktari mwenyewe hakusema kwamba kuchelewa ndiko kulikomuua mtoto.

"Umeanza tena kuisingizia geji," akasema.

Lo! Maneno hayo yaliniingia. Ilinichukua wiki kadhaa kupata ujasiri, kisha nikaenda Kanazi. Nilimkuta Stefania anapalilia maharage. Nikamweleza yote, visingizio vyangu nimeviacha nyumbani. Aliegemea jembe lake. Kisha akasema, "Kumbe ni wewe. Wiki zote hizi nimekuwa namlaumu Mungu."

Hakunifukuza, na hakunisamehe siku hiyo. Aliinama akaendelea kupalilia. Mimi njia nzima nililia, na kabla sijafika nyumbani nilikuwa nimeazimia: nitarusha tena, lakini mkono wangu hautakwenda wenyewe tena maisha yangu yote. Nilishika spana chini ya Mzee Leonidas mpaka nikaijua tabo nje ndani, ndipo nikarudi angani.

Sasa shika haya. Ukiwa unapaa, mafuta yote mbele na matundu ya kupoozea injini wazi. Ukishatulia juu ndipo uvute kidogo kidogo, jicho kwenye joto la moshi unaoingia kwenye tabo. Kushuka, anza mapema, punguza nguvu kwa hatua, maana injini ya moto haipendi baridi ya ghafla. Ukitua usikimbilie kuzima. Iache iungurume taratibu dakika chache tabo ipoe, hata kama wenyeji wamekuja na soda. Mazoea yana taabu, mwanangu: kilichokuokoa kwenye ndege ya jana kinaweza kukuua kwenye ya leo. Geji ikikuambia neno baya, iamini kwanza. Na siku ukikosea, maana utakosea, usingoje mtu akugundue. Nenda mwenyewe kwa uliyemkosea, useme, hata kama miguu inakataa.

Nenda sasa. Mungu akupandishe salama na akushushe salama, na kila mama utakayempakia ashuke amembeba mtoto wake, analia, mzima.