Sista Breki na Mama Mkwe

Katika chumba chetu cha kutibia moyo hospitalini, mwenye sauti kubwa kuliko wote si daktari. Ni muuguzi mmoja mfupi tunayemwita Sista Breki, maana kazi yake kubwa maishani ni kusimamisha mguu wa mwanamume asiye mumewe.

Nifafanue kabla hamjafikiria mabaya. Daktari anapopenyeza mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni, huongozwa na picha za eksirei kwenye skrini. Picha huja akikanyaga pedali. Akiachia, mionzi hukatika na picha ya mwisho hubaki pale pale, uitazame mpaka uchoke. Sasa daktari wetu ni fundi kweli wa mikono, lakini mguu wake hauna akili. Akianza kusimulia mpira, mguu unasahau kunyanyuka. Mionzi inammwagikia mgonjwa, na mingine inadunda mwilini mwake na kutufikia sisi, aproni nzito za madini ya risasi tumevaa lakini hazizibi kila kitu. Hapo Sista hupaza: "Mguu!" Daktari huruka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Mimi niliye nyuma ya kioo, kwenye mitambo, huwa nacheka peke yangu.

Nyumbani kwake, Sista huyu huyu ni mpole kama maji ya mtungi. Anaishi na mama mkwe, na hajawahi kumjibu zaidi ya "ndiyo, mama". Chumvi imezidi? Ndiyo, mama. Chumvi haitoshi, chakula kile kile? Ndiyo, mama.

Siku ikafika mama mkwe mwenyewe akalala kwenye meza yetu, mshipa wa moyo umebana. Mgonjwa halazwi usingizi. Hutiwa ganzi mkononi tu. Kwa hiyo mdomo ulikuwa mzima.

"Huo ndio moyo wangu?"

"Ndio huo, mama," daktari akasema.

"Mbona mdogo hivyo, na yote niliyovumilia! Hebu nionyeshe tena."

Daktari kalelewa kuheshimu wakubwa. Akakanyaga.

"Sasa geuza kidogo, nione upande wenye huruma."

Akakanyaga tena, anacheka, na ngao ya kioo ya kukinga mionzi inayoning'inia darini kaisukuma kando ili waongee vizuri.

Kipimo cha mionzi mbele yangu kilikuwa kinapanda. Nilikuwa na kipaza sauti, ningeweza kusema. Sikusema. Yule mama alikuwa ananitisha hata mimi. Nikamtazama Sista: akifoka, jioni analala nyumba moja na mwanamke yule, akinyamaza, mama mkwe na daktari wanaendelea kula mionzi ya bure.

"Mama, samahani..." alianza kwa sauti ya chini.

"Subiri, mke wa mwanangu, wakubwa tunaongea. Daktari, na ule mshipa uliopinda?"

Mguu ukashuka.

"MGUU!" Sista alinguruma. "Daktari, toa mguu, rudisha ngao! Na wewe mama, nyamaza! Moyo wako si sinema! Kila ukiomba tena, unajimwagia mionzi mwenyewe!"

Daktari aliinua miguu yote miwili, sijui kwa uwezo gani. Baada ya hapo kazi ilikwenda kimya, pedali ikiguswa na kuachiwa, mpaka mshipa ukafunguka na damu ikapita.

Sista alimfunga mama bandeji. Nilimhurumia sana.

"Mama, nisamehe. Nimevuka mpaka."

Mama mkwe akamgeukia.

"Nikusamehe nini? Mwanangu namjua, hawezi kumkemea hata kuku. Nimekuwa nikijiuliza nikizidiwa nani atasimama pale nyumbani." Akamshika mkono kwa ule wake usio na bandeji. "Dawa nitakazopewa nitazikataa, najijua. Unifokee hivyo hivyo, mwanangu. Usiniache nife kwa ajili ya heshima."